Mambo ya Nyumbani: Jukwaa la Mbao Bustanini

Watu wengi wapenda kuwa na mahali pa kukaa nje wakati wa jioni, jua likiisha kupoa: mahali pakavu, palipoinuka kidogo juu ya majani na tope, wazee waketi na wageni wao na watoto wacheze karibu. Wazee wetu walikuwa na baraza ya mawe au ya udongo mbele ya nyumba, na shambani walikuwa na ulingo wa miti wa kulindia mazao. Jukwaa la mbao la bustanini ni ndugu ya hayo mawili: lina kazi ya baraza, nalo lina miguu ya ulingo. Mwezi huu twaeleza jinsi ya kulijenga, na hasa jinsi ya kulijenga lisije likawaumiza watu.

Neno hilo si la kutisha bure. Tarehe 29 Juni 2003, katika mji wa Chicago, Marekani, vibaraza vya mbao vya nyumba moja ya orofa vilianguka vikiwa vimejaa vijana waliokuja karamuni, wakafa watu 13. Tarehe 16 Juni 2015, mjini Berkeley, California, roshani ilikatika usiku, wakafa vijana 6. Nyumba ile ya Berkeley ilikuwa imekamilika mwaka 2007 tu. Lakini boriti zilizoichukua roshani zilikuwa zimekwisha kuoza, kwa sababu ya maji yaliyonaswa ndani pasipo kuonekana. Waliosimama juu waliona sakafu nzuri, wala hapakuwa na wa kuwaambia hali ya chini.

Basi kanuni zetu ni tatu: jukwaa lisimame kwa miguu yake lenyewe, mbao zisikae na maji wala udongo, na nguvu yake ipimwe kwa wingi wa wageni, kwa maana siku ya arusi ndiyo siku ya kujaribiwa kwake.

Kwanza, miguu. Mafundi wengine hupigilia ubao ukutani mwa nyumba, wakauegemeza upande mmoja wa jukwaa hapo. Maji ya mvua huingia nyuma ya ubao ule, ubao ukaoza na misumari ikalegea. Jukwaa la chini halina haja ya kushika ukuta. Acha nafasi ya sentimita 5 kati yake na nyumba, lisimame peke yake.

Tufanye mfano wa jukwaa la mita 4 kwa mita 3, lenye kimo cha sentimita 60 hivi. Piga vigingi na kamba katika pembe nne, kisha pima kutoka pembe hata pembe ya kukabili. Ukipata mita 5 kamili pande zote mbili, pembe zako ni za mraba. Ukipata zaidi au pungufu, sogeza vigingi kabla hujachimba. Ndani ya kamba hizo weka mistari mitatu ya nguzo, mmoja kila baada ya mita 1 na nusu, na katika kila mstari nguzo nne. Jumla ni nguzo 12. Chimba mashimo hata ufikie udongo mgumu, yasipungue sentimita 50. Jaza zege la saruji kipimo kimoja, mchanga viwili na kokoto vinne, ulipandishe sentimita 15 juu ya ardhi. Kabla halijashika, simamisha kiatu cha chuma katikati. Lilowe maji kila siku muda wa siku 7, ndipo uweke nguzo ya inchi 4 kwa 4 katika kiatu. Nguzo iliyozikwa udongoni ni chakula cha mchwa. Iliyo juu ya zege humlazimisha mchwa kujenga njia yake ya udongo mahali utakapoiona.

Juu ya kila mstari laza mhimili wa mbao mbili za 2 kwa 6 zilizofungwa pamoja. Mhimili ukae juu ya vichwa vya nguzo, usining'inie ubavuni kwa misumari. Juu ya mihimili panga boriti 11 za 2 kwa 6, moja kila baada ya sentimita 40. Mwisho weka mbao za kukanyagia, zenye unene wa inchi 1 na robo, ukiacha nafasi ya milimita 5 kati ya ubao na ubao, maji yapate kupita na upepo upate kukausha.

Pili, mbao zenyewe. Kiini cha mvule, cha mninga na cha msaji huvumilia. Lakini mti mweupe wa nje, hata wa miti hiyo mizuri, huliwa upesi. Mkaratusi na msonobari havifai nje bila kutiwa dawa. Nayo dawa yataka hadhari. Mbao nyingi zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Nayo aseniki ni sumu. Huko Marekani dawa hiyo iliondolewa katika mbao za matumizi ya nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Kwa hiyo funika pua na mdomo unapokata kwa msumeno, na vipande vilivyobaki usivipeleke jikoni hata kidogo. Moshi wake na jivu lake hudhuru. Kila mwisho uliokatwa upakwe dawa tena. Tumia misumari na skurubu zilizopakwa zinki. Na aliye karibu na bahari anunue za chuma kisichoshika kutu, kwa maana chumvi ya hewa hula zinki.

Tatu, uzito. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani hutaka jukwaa liweze kuchukua kilo 195 hivi katika kila mita ya mraba. Jukwaa letu lina mita za mraba 12, basi ni kilo 2,340, yaani watu wazima 36 wa kilo 65. Nyumba yaweza kuwa na watu sita, lakini siku ya sherehe hao 36 watakuja, nao watasimama pamoja kupigwa picha. Usipunguze boriti kwa kuokoa fedha. Likipita sentimita 75 kwenda juu, litiwe ukingo imara wa sentimita 90, watoto wasianguke. Na likiwa la orofani, usilijenge bila mhandisi.

Kazi ikiisha, bado ulinzi. Kila mwezi inama uangalie nguzo, na ukiona njia ya mchwa ibomoe na utafute itokako. Kila mvua za masika zikiisha, chukua kurunzi na bisibisi, uchome vichwa vya nguzo, mihimili na boriti, hasa palipoungwa. Bisibisi ikizama kama katika muhogo uliochemshwa, ubao huo umeoza. Utolewe siku hiyo hiyo, wala wageni wasipande kabla haujabadilishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa gharama yaweza kuzidi ukuta. Kwa hiyo usizibe pande za jukwaa kwa bati wala kwa matofali ili lipendeze. Acha pawe wazi, upepo upite, na mwenye nyumba aweze kuona wakati wote ni nini kinachowachukua watu wake.