Matao Hayakuwa Pambo

Wako wanaodai kwamba kukarabati nyumba ya maua ni anasa ya miji iliyoshiba. Maua, husema, hayaliwi wala hayalipi kodi. Hoja hiyo ina sauti kubwa, lakini mzizi wake ni mfupi. Na tuipime kwa Jengo la Mimea lililomo katika bustani ya umma ya Balboa, mjini San Diego, Marekani.

Lilijengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1915, yaliyosherehekea kufunguliwa kwa Mfereji wa Panama. Si nyumba ya vioo ya kutunza joto, kama zile za nchi za baridi. Kiunzi chake ni cha chuma, na juu ya chuma zimepigiliwa papi nyembamba za mbao, upapi na mwanya, upapi na mwanya, ili jua liingie kwa kipimo na upepo upite bila ya kubisha hodi. Ni kivuli kilichojengwa. Mbele yake limetandaa bwawa la mayungiyungi. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, wagonjwa wa hospitali ya jeshi la majini waliogelea humo ili viungo vyao vipate nguvu. Nani basi atasema kwamba uzuri huo haukuwa na kazi?

Mbao huoza, na chuma hushika kutu. Ukarabati wa miaka ya 1950 uliliacha jengo limesimama, lakini uliyaondoa matao yaliyokuwa kulia na kushoto mwa lango. Wapenzi wa ushairi watanifahamu: lilikuwa kama shairi lililong'olewa vina. Mizani imo, maana imo, ila sikio linajua kwamba pana kilichoibwa.

Jengo lilifungwa mwaka 2022. Lilipofunguliwa tena Desemba 2024, matao yalikuwa yamerudi. Hapo ndipo wabishi wetu hupaza sauti: kwa zaidi ya dola milioni 20, si bora kujenga kipya? Hasha! Fedha za namna hii aghalabu si bei ya uzuri, ni bei ya kuchelewa. Ufa usiozibwa hauendi zake. Hukaa ukisubiri kudai ukuta. Na kipya hicho, kikikosa wa kukitunza, nacho kitachakaa, tena bila ya kumbukumbu yoyote ya kukililia.

Kukarabati si kukiegemeza kitu kisianguke. Ni kukirudisha kizima, pamoja na kile ambacho mwenye daftari la hesabu alikiita pambo. Tajiri ana bustani uani kwake. Asiye na ua ana bustani ya umma, na katika Jengo la Mimea, siku lilipofunguliwa upya, hakudaiwa kiingilio. Amwambiaye mtu huyo angoje mpaka ashibe ndipo apewe kivuli, huyo hajapata kusimama juani.