Utulivu wa Kisiwa Una Wenyewe



Mtu aliyechoshwa na kelele za mji hutamani kwenda mahali pasipo na magari wala haraka. Kwa wengi waishio Ulaya, hamu hiyo huwapeleka katika kisiwa kidogo cha Ugiriki. Juma hili twapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya safari hiyo ifanywayo kwa meli, kwa maana ndani yake limo swali litugusalo sote: utulivu tunaoutafuta ni mali ya nani?

Tuchukue mfano wa Iraklia, kimojawapo cha Visiwa Vidogo vya Cyclades katika Bahari ya Aegean. Kisiwa hicho hakina uwanja wa ndege. Msafiri hupanda meli kubwa huko Piraeus, bandari ya Athens, na baada ya saa tano hivi hufika Naxos. Hapo wengi hungoja meli ndogo. Kwa miaka mingi kazi hiyo imefanywa na Express Skopelitis, ipitayo kati ya Naxos na Amorgos na kutia nanga Iraklia, Schinoussa, Koufonisia na Donousa. Upepo mkali wa kaskazini uitwao meltemi ukivuma, hasa mwezi Julai na Agosti, meli huyumba sana, na mamlaka ya bandari ikiona hatari huzuia safari. Hapo msafiri hukaa gatini akisubiri, hata awe na fedha kiasi gani.

Wako wasemao kwamba uzuri wa safari umo humo hasa: kusubiri, kukiona kisiwa kikikaribia polepole, kushuka bila pupa. Hatuwapingi. Lakini hiyo ni nusu tu ya ukweli, nayo ni nusu ya mgeni. Sensa ya mwaka 2011 iliwahesabu watu 141 katika Iraklia. Kwao meli ndiyo iletayo unga, dawa, vifaa vya ujenzi na barua. Ndiyo impelekayo mgonjwa kwa daktari bingwa. Mgeni akicheleweshwa, amepoteza siku moja ya likizo. Mwenyeji akicheleweshwa, huenda amekosa matibabu. Na majira ya baridi yaingiapo, wageni wakiisha kuondoka na mikahawa kufungwa, ule utulivu uliosifiwa mwezi Agosti hugeuka upweke, na kijana huanza kujiuliza kama inafaa kuanzisha familia mahali pale.

Kwa kufuata hesabu za biashara peke yake, meli ya namna hiyo isingekuwapo. Wagiriki wenyewe huziita njia hizo "njia tasa", kwa kuwa hazizai faida. Hata hivyo Serikali huyalipa makampuni ya meli ili huduma isikatike. Katiba ya Ugiriki, katika ibara ya 101, inawataka watunga sheria na watendaji wa Serikali wazingatie hali ya pekee ya visiwa na milima. Tena mwaka 2018, mwaka uleule ambao nchi ilitoka katika miaka minane ya mikopo ya dharura, ulianzishwa mpango wa kuwafidia wakazi wa visiwa, ili gharama yao ya kusafiri baharini ikaribiane na ile ambayo wangelipa kwa umbali uleule nchi kavu.

Atatokea mwenye kuuliza: je, ni haki mlipa kodi wa mjini agharimie meli ya watu mia na arobaini? Swali hilo si la kupuuzwa, kwa maana fedha ya umma ni ya wote, na hospitali ya mjini nayo inaihitaji. Jibu letu ni hili: barabara iendayo kijiji cha mwisho mlimani hatuiulizi imeleta faida kiasi gani, nayo bahari ndiyo barabara ya watu hawa. Jamii imhudumiayo mtu pale tu anapoleta faida imekwisha kumfanya bidhaa.

Wala watu wa visiwa si wa kupokea tu. Usiku wa tarehe 26 Septemba 2000 meli Express Samina iligonga miamba karibu na kisiwa cha Paros, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wavuvi wa Paros walitoka na mashua zao katika upepo mkali, wakawaokoa watu wasiowajua. Aliyeopolewa baharini usiku ule hawezi kusema kwamba watu wa kisiwani ni mzigo kwa taifa.

Kwa hiyo twatoa rai kwa yeyote ajaliwaye kufanya safari ya namna hiyo. Aende, ikiwezekana, mwezi Mei au Septemba, wakati wenyeji hawajazidiwa na umati. Anunue mkate na jibini katika duka la kijiji badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini. Atumie maji kwa kiasi, kwa kuwa katika visiwa hivyo ni haba. Na meli ikichelewa, kabla ya kunung'unika, awatazame walioketi karibu naye: pengine yumo mama arudiye kutoka hospitali.

Kila tarehe 28 Agosti, mkesha wa kumbukumbu ya kukatwa kichwa Yohane Mbatizaji, watu wa Iraklia hukusanyika kusali katika pango kubwa liitwalo kwa jina la Mtakatifu huyo. Ndani ni pana, mishumaa huwaka gizani. Lakini mlango wake ni mdogo, na hakuna aingiaye bila kuinama. Hivyo ndivyo impasavyo mgeni kuingia katika kisiwa cha watu wengine.

Twawatakieni nyote juma lenye amani.