Zawadi ya Dirishani Ina Mambo!

Wiki hii naongea na wewe mtoto wa mjini unayepanda basi la Mbeya. Si unajua Wabongo tulivyo: mtu akirudi kutoka mkoa, kabla ya "pole na safari" macho yameshatangulia kwenye mzigo. Ukiingia mikono mitupu, we mchoyo.

Kununua si tatizo. Tatizo ni kununulia dirishani. Basi limesimama dakika mbili, konda anagonga bodi, nje vijana kumi wameinua ndoo, na jirani yako anakupitishia noti usoni. Hapo hununui bidhaa, ndugu yangu, unanunua kelele! Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo ijue bidhaa yako kabla basi halijasimama.

Tuanzie kule mwisho tukirudi Dar, maana mizigo mizito hununuliwa wakati wa kurudi.

Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, ndo kwenye mchele unaonukia. Jina lake limekuwa dili mpaka huku mjini mchele wa popote unaandikiwa kibao cha Kyela. Hata ukiwa kulekule, usikimbilie gunia. Nunua kilo moja, mpe mwenyeji wako apike. Harufu ikijaa nyumba, rudi kwa muuzaji yuleyule. Ukiona punje ndefu, fupi na zilizovunjika zimelala pamoja, na sufuriani zinaiva kwa zamu, ujue umeuziwa mchanganyiko.

Ukifika Iringa, shuka. Narudia, shuka! Vikapu vya pale husukwa na akina mama kwa milulu, majani magumu yanayokatwa, yakaanikwa na kusukwa kwa mkono. Zamani mabishoo walisema kikapu ni cha bibi anayekwenda shamba. Tangu Juni 1, 2019 rambo zilipopigwa marufuku, hao hao wanatamba navyo sokoni, wengine mpaka ofisini. Kukikagua si kazi: kiweke chini, kisimame bila kuyumba. Bonyeza ubavuni, kikirudi chenyewe kimekazwa vizuri. Angalia na ukingo wa juu, maana ndo unaofumuka mapema.

Sasa hapa kwenye bei ndo nina neno na nyie. Namwona kijana kavaa raba kali, simu mkononi, anabishana na mama wa watu kwa elfu mbili. "Mama, punguza bwana, hiki si majani tu?" Majani tu! Kikapu kikubwa hakisukwi kwa siku moja. Milulu ikatwe, ianikwe, rangi ichemshwe, ndipo vidole vianze kazi. Kijana huyohuyo akirudi Dar ataingia duka la watalii, akute kikapu kama kile kimebandikwa karatasi ya bei mara kadhaa ya ile ya Iringa, na atalipa kimya huku anasema "asante sana".

Sisemi usipatane. Kupatana ni utamaduni wetu, na muuzaji mwenyewe kaweka cha juu akijua utaomba. Ila anza na salamu. Kule kwa Wahehe sema "Kamwene, mama", uone uso unavyofunguka. Muulize kakisuka nani na kwa siku ngapi. Akishakujibu, taja bei ambayo we mwenyewe ungekubali kuifanyia kazi siku hizo zote. Ukimkamua leo, kesho bintiye ataona kusuka hakulipi, aache. Hapo ujue hata hela yako haitapata kikapu, utapewa cha plastiki.

Mkishashuka mlima Kitonga, mnaingia Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Usidanganywe na vile vya juu ya ndoo, vimepangwa kama bibi harusi na wapambe wake. Mwambie kijana amimine, uone na vya chini. Bonyeza shingo ya kitunguu: ikiwa imekauka na ganda linalia kama karatasi, beba. Ikiwa laini, hicho kinaanza kuoza. Na usivifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa, vinataka kupumua kama wewe.

Kama konda hakupi nafasi ya kufanya yote hayo, acha. Rudi na kikapu kimoja cha Iringa ulichokichagua kwa mikono yako, na ukimkabidhi mama nyumbani mweleze kilivyosukwa. Zawadi yenye maelezo yake, hata ikiwa moja, inashinda ndoo tatu za dirishani.

Haya, safari njema. Tukutane wiki ijayo!