Kailula si uvivu: waulizeni wakimbiaji wa Eldoret

Kwa miaka mingi sisi watu wa Pwani tumetiwa ila ya uvivu. Mtu akimwona mzee wa Mji wa Kale amejinyosha barazani baada ya sala ya adhuhuri, husema hawa ndivyo walivyo, kazi hawaipendi. Maneno hayo yamerudiwa mno, hata vijana wetu wenyewe wakayaamini. Kijana akipata kazi Nairobi au Eldoret hujifunga kibwebwe awaonyeshe wenzake kwamba yeye si kama babu yake: chakula cha mchana hula kwa kusimama, usiku hukesha na makaratasi ya ofisi, na likizo ikifika huikataa. Haipiti miaka mingi ila tunamwona amechakaa, hana hamu ya kazi wala ya watu.

Mimi nasema babu yake ndiye aliyekuwa na haki. Na kwa kuwa kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, ushahidi wangu sitautoa Mombasa wala Lamu. Nitautoa Eldoret.

Mji huo wa baridi, uliopandishwa hadhi ukawa jiji mwezi wa Agosti 2024, umezungukwa na watu ambao hakuna awezaye kuwaita wavivu. Kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini, mahali paitwapo Kaptagat, ipo kambi ya wakimbiaji walio chini ya mwalimu Patrick Sang, yule aliyepata nishani ya fedha katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, Olimpiki ya Barcelona, 1992. Hapo ndipo Eliud Kipchoge alipofanyia mazoezi kwa miaka mingi. Bwana huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 tangu mwaka 2003. Oktoba 2019, mjini Vienna, alikimbia masafa ya marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, ingawa mbio zile zilitengenezwa makusudi na hazikuhesabiwa kuwa rekodi. Na Septemba 2022, mjini Berlin, akiwa na umri wa miaka 37, aliweka rekodi ya dunia ya saa 2, dakika 1 na sekunde 9. Kutoka 2003 hadi 2022 ni miaka 19. Je, amedumu vipi muda wote huo bila ya kuvunjika?

Tuutazame mwenendo wa kambi. Huamka kabla ya jua na kukimbia. Wakirudi hunywa chai, hula, kisha hulala. Jioni huenda tena mbio nyepesi, na usiku hauwi mkubwa wamekwisha kulala. Siku za mazoezi makali ni chache katika wiki. Siku nyingine hukimbia polepole, bingwa na mwanafunzi bega kwa bega, na hakuna anayeona haya kwenda taratibu. Kipchoge mwenyewe kwa miaka mingi alikimbia marathoni mbili tu kwa mwaka, na kila baada ya moja alipumzika wiki kadhaa. Hii ndiyo kailula yetu, ila kwa wenzetu inaitwa mazoezi.

Sababu yake si siri. Zoezi huuchosha msuli na kuuchanachana kidogo. Mwili hujitengeneza wakati wa kupumzika, na hapo ndipo nguvu mpya zinapopatikana. Asiyepumzika hubomoa kila siku asijenge kitu. Wazee walikwisha sema kuwa ngoma ikivuma sana hupasuka.

Wala si misuli peke yake. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza hali inayompata mtu aliyeelemewa na kazi kwa muda mrefu bila ya nafuu: nguvu humwisha, moyo wake huikimbia kazi na kuikejeli, na utendaji wake hushuka. Mwaka 2021 shirika hilo, pamoja na Shirika la Kazi Duniani, lilitangaza kuwa afanyaye kazi saa 55 au zaidi kwa wiki yumo katika hatari ya kupatwa na kiharusi kwa asilimia 35 zaidi kuliko afanyaye saa 35 hadi 40.

Lakini sisi tulikuwa na haja gani ya kungoja mashirika? Tuliyasoma haya chuoni tukiwa wadogo. Suratun-Nabaa inatufunza kuwa usingizi umefanywa uwe mapumziko, na mchana uwe wa kutafutia maisha. Vyote viwili vimetajwa pamoja. Na katika hadithi sahihi imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Alipouliza, akaambiwa ni ya Bibi Zaynab, akichoka katika sala huishika asianguke. Akaamrisha ifunguliwe, kwani mtu asali akiwa na nguvu, akichoka aketi. Ikiwa ibada yenyewe haikuruhusiwa kushikiliwa kwa kamba, itakuwaje kazi ya ofisi?

Na leo tumezifunga kamba nyingi. Dereva wa lori anayetoka bandari ya Mombasa, akapita Eldoret kwenda Malaba, kamba yake ni miraa. Karani kamba yake ni kahawa kikombe juu ya kikombe. Tunajisifu kwamba hatujaanguka, kumbe tunaning'inia.

Najua jawabu litakalokuja: hayo ni ya wenye nafasi, kibarua asiyekwenda kazini leo, leo halili. Ni kweli. Na mama aondokaye kabla ya alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza, kisha akapika, akafua na kulea, hana mwajiri wa kumwomba likizo. Kwa hiyo mapumziko si shauri la mtu mmoja peke yake. Ni haki wanayodaiwa wengine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku moja ya kupumzika katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Sheria ya trafiki nayo inamkataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa 8 katika saa 24. Mwajiri anayezipuuza asiitwe hodari wa biashara. Anakula haki ya mtu. Na mume ambaye hampi mkewe hata saa moja ya kujinyosha asijitoe katika maneno haya.

Aliye na uwezo wa kupanga saa zake, basi, na azipange kama wanavyozipanga Kaptagat: siku ngumu ifuatwe na siku nyepesi, na saa ya kupumzika iandikwe kabla ya kazi, isingojee masalio. Sala ya adhuhuri ndiyo mlango wake. Aswali, ale kwa kukaa, ajilaze kidogo, kisha arudi.

Na atakayekuita mvivu kwa nusu saa hiyo, mwambie apande gari hadi Kaptagat, afike mchana. Atawakuta mabingwa wamelala.