UTAFITI UMEKWISHA SEMA, SERIKALI IMEZIBA MASIKIO



Wageni wapitao Karatu kwenda kuitazama Kreta ya Ngorongoro, wengi wao ndio hao hao wajao kupumzika katika fukwe zetu. Serikali huwahesabu na kuitangaza hesabu yao kwa fahari. Sisi twauliza: nani ahesabuye pumzi za mgonjwa aliyelazwa usiku katika wodi ya huko huko?

Wataalamu wamekwisha hesabu. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilitoa uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa vijana kuliko wa mabara mengine, lakini waliokufa walikuwa mara mbili ya wastani wa dunia. Karibu wote hawakufia mezani kwa mpasuaji. Walifia wodini, baadaye. Mwaka 2025 ukatoka uchunguzi mwingine, wa wagonjwa karibu 20,000 katika nchi 22 za bara letu. Mmoja katika kila wanane alikuwa mahututi, na zaidi ya nusu ya mahututi hao hawakupata hata huduma za msingi: oksijeni, maji ya mshipani, au kulazwa ubavu ili koo lisizibe.

Basi asitokee mtu kutwambia kuwa tatizo ni mashine za mamilioni. Kumlaza mgonjwa ubavu hakuna bei.

Wala asiseme kuwa utafiti haufai kitu. Haydom, jirani ya Karatu, ilikuwa miongoni mwa hospitali nane za Tanzania ambako wakunga walifunzwa kumsaidia mtoto mchanga avute pumzi katika dakika yake ya kwanza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2013: vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa karibu nusu. Elimu ilipotendewa kazi, watoto waliishi.

Ngorongoro yalitendwa kinyume. Shirika la Human Rights Watch lilieleza mwaka 2024 kwamba tangu 2022 Serikali ilipunguza huduma za afya ndani ya hifadhi, Endulen ikiwemo, wakati ambapo wenyeji walitakiwa wahamie Msomera, Handeni. Serikali ilijibu kuwa wahamao huhama kwa hiari. Hiari gani hiyo ya mtu aliyepunguziwa hospitali? Sayansi yasema mgonjwa wa dharura huokolewa kwa huduma iliyo karibu naye. Kumsogezea mbali huduma hiyo ni kumhukumu bila ya kesi.

Wala msidhani, ndugu zetu, kuwa hizi ni khabari za Bara tu. Afya si jambo la Muungano. Hapa Visiwani wa kujibu ni Serikali ya hapa hapa, wala haina wa kumsingizia.

Kwa hivyo kila tawi la Chama liwaulize wakubwa maswali matatu. Wodi ngapi zina oksijeni saa nane za usiku? Muuguzi mmoja huangalia wagonjwa wangapi waliotoka kupasuliwa? Na watafiti wakishawapima watu wetu, matokeo hurejeshwa kwao kwa Kiswahili, au huishia ng'ambo?

Anayepimwa leo, akaachwa kesho afe kwa ugonjwa uliokwisha julikana dawa yake, amedhulumiwa mara mbili. Dhulma hiyo hatutainyamazia.