Petroli ya Ziwa Edouard: watuonyeshe kwanza faida ya Muanda

Vijana wenzetu wa Mutwanga, Bulongo, Beni na Butembo,

Kila mara habari ya vitalu vya petroli inaporudi, kuna wenzetu wanaosema: « Muwaache wachimbe. Vijana hawana kazi, na ninyi munalinda ngagi? » Hatuwacheki. Swali lao ni la haki, na tunalijibu kwa hesabu ya franga.

Mwaka wa 2014 kampuni SOCO ya Uingereza ilipima chini ya Ziwa Edouard, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kisha ikaondoka. Mwezi wa saba 2022 serikali ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya petroli na 3 vya gesi ya Ziwa Kivu. Vingine viligusa Virunga. Mwezi wa kumi 2024 mnada wa petroli ukafutwa. Lakini uliofutwa leo unaweza kutangazwa tena kesho, na wakija watatuambia juu ya utajiri.

Siku hiyo tuwaulize: Muanda iko vipi? Kule Kongo Central inchi yetu inachimba petroli toka miaka ya 1970, mu bahari na ku inchi kavu. Petroli hiyo inauzwa nje ikiwa ghafi. Esansi ya pikipiki zetu inatoka ngambo, inaingilia Kasindi. Na vijana wa Muanda wangali wanalilia kazi kama sisi. Juu ya nini? Juu kisima cha mu maji kinataka mashine nyingi na watu wachache, wengi wao mafundi waliosomea mbali. Kazi za kubeba na kujenga zinaisha ujenzi ukiisha. Kinachobakia ni kodi, na kodi inaenda Kinshasa. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya provensi, ikatwe pale pale inapopatikana. Nani kati yetu amekwisha kuona hiyo 40%?

Tuangalie na jirani. Uganda ilipata petroli ku Ziwa Albert mwaka wa 2006. Mwaka wa 2024 ilikuwa bado haijauza hata pipa moja, juu lazima kwanza ijenge bomba la kilometa 1,443 mpaka Tanga. Sisi, ambao mkulima anaogopa kwenda ku shamba lake la kakao juu ya ADF, tutangoja miaka mingapi? Na askari watatumwa kulinda nini kwanza: visima ao mashamba?

Wakati tunangoja, Ziwa Edouard linalisha Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma kila siku. Petroli ikimwagika mule, mto Semliki utaibeba mpaka Ziwa Albert. Nani atamlipa mvuvi?

Hapa Mutwanga tumeona njia ingine. Toka 2013 maji ya Ruwenzori yanatoa umeme. Baadaye kikaja kiwanda cha sabuni, kisha chokoleti ya kakao ya hapa hapa. Haijatosha: umeme haujafika kila nyumba, na kakao nyingi ingali inavuka mupaka ikiwa mbegu. Lakini kazi hizo vijana wa hapa wanaziweza, na maji ya mulima hayaishe kama petroli.

Kwa hiyo tunaomba:

1. Serikali itangaze wazi mapato ya petroli ya Muanda, na yaliyobakia Muanda.
2. 40% ya provensi iheshimiwe.
3. Usalama wa mashamba upatikane mbele ya sahihi yoyote ya petroli.
4. Wavuvi na wakulima waulizwe mbele, si nyuma.

Wenzetu munaotaka petroli, mukuje tuulize maswali haya pamoja. Wakiwa na majibu, tutawasikiliza. Wasipokuwa nayo, ziwa libakie kwa wavuvi.