Meka ni litri ngapi? Tuhesabu wenyewe

Wandugu wa koperativi, hapa Lubumbashi mahindi tunayauza kwa meka. Mnunuzi akija shambani, upande wa Kipushi ao njia ya Kasumbalesa, anafika na meka yake mwenyewe. Chini imegongwa mpaka imetoka tumbo, juu anataka kilima, kisha anaomba matabishi. Bei tunabishana saa nzima, lakini kipimo chenyewe hatukiulizi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo tunapoteza zaidi.

Dawa yake si ya bei kali. Seremala atutengenezee kisanduku cha mbao: ndani sentimita 10 urefu, 10 upana, 10 kwenda juu. Hiyo ni litri 1 kamili, sawa vile Wafaransa walivyoiweka katika sheria yao ya mwaka 1795. Jaza kisanduku, pitisha fimbo juu kisawazike, mwaga ndani ya meka, na uhesabu. Meka ikizidi nusu litri tu kuliko ile mliyopatana, kwa meka 100 umetoa litri 50 bure. Ni kilo 35 hivi za mahindi: bukari ya watoto kwa siku nyingi.

Akili ile ile inapima depo. Fikiri visanduku vya namna ile, lakini sasa kila upande ni mita 1. Una ghala la mbao la mita 2 kwa 2, na mahindi yaliyopukuchwa yamefika mita 1. Chini vinaenea visanduku 4, safu ni moja, basi jumla ni 4. Yangefika mita 2, safu zingekuwa 2, jumla 8. Hesabu safu ya chini, kisha zidisha kwa idadi ya safu. Kisanduku kimoja cha mita 1 kinabeba karibu kilo 700 mpaka 750 za mahindi makavu. Vinne ni kilo 2,800 mpaka 3,000, ndiyo mifuko 56 mpaka 60 ya kilo 50. Mutu akikuambia imetoka 50 tu, muulize ile ingine iko wapi.

Wengine watasema: "Tununue mizani, biishe." Mizani ni nzuri, lakini haiko kila kijiji, na ikiharibika si kila mutu atajua. Kisanduku, mtoto wa shule anaweza kukihakikisha kwa rula.

Wengine wanaogopa mnunuzi atakimbilia kwa jirani. Ni kweli, kama ni wewe peke yako. Ndiyo sababu tupatane kabla ya mavuno: meka zote zipimwe mbele ya wanamemba, litri zake ziandikwe kwa rangi, na asiyetaka kupimiwa meka yake arudi nayo tupu.